Je, Wasumeri na Wamisri wa kale walikuwa na dini moja?

Mwalimu mmoja wa historia wa shule ya sekondari ameniletea swali hili: "Vitabu tunavyofundishia vinasema Wasumeri walikuwa na dini ya hofu kwa sababu mito yao ilifurika bila mpangilio, na Wamisri walikuwa na dini ya matumaini kwa sababu Nile ilifurika kwa wakati wake. Nilipolieleza hilo darasani, mwanafunzi aliniuliza: kama pande zote mbili zilikuwa na miungu mingi, mahekalu, sanamu, makuhani na wafalme watakatifu, hiyo si dini moja iliyobadilishwa majina tu? Nilikosa jibu. Nimwambie nini?"

Mwalimu, mwanafunzi wako ameona jambo ambalo kitabu kimelipita, ingawa hitimisho lake si sahihi. Ukiingia ndani ya hekalu la Ur huko Sumeri au la Memphis huko Misri na kutazama kinachofanyika humo kila siku, utaona dini hizi mbili zinafanana mno. Ukitoka hekaluni ukauliza binadamu aliumbwa kwa kazi gani, kisha ukenda makaburini ukauliza wafu wanaishije, hapo zinaachana. Kuhusu mito, maelezo ya kitabu yana ukweli nusu, na nusu hiyo imebebeshwa mzigo isiouweza.

Nianze na hekalu. Kwa Wasumeri, waliokaa kusini mwa nchi tunayoiita leo Iraki, kila mji ulikuwa mali ya mungu wake: Ur ulikuwa wa Nanna, mungu wa mwezi, Nippur ulikuwa wa Enlil, Uruk ulikuwa wa Inanna pamoja na An, Eridu ulikuwa wa Enki, mwenye maji matamu ya chini ya ardhi na mwenye akili kuliko wenzake wote. Misri nako Ptah alikuwa na Memphis na Amun alikuwa na Thebes. Hekalu katika nchi zote mbili halikuwa mahali pa waumini kukusanyika na kuhubiriwa. Lilikuwa nyumba ya mungu kwa maana halisi ya neno nyumba, na mungu alikaa humo katika sanamu yake, akioshwa, akivishwa na kuandaliwa chakula kama bwana mkubwa anayehudumiwa na watumishi wake. Kuhani wa Misri aliamka alfajiri, akavunja muhuri wa udongo uliofunga mlango wa chumba cha ndani, akampaka mungu mafuta na kumvisha nguo safi, akamwekea mkate, nyama na bia, na alipotoka alifagia nyayo zake mwenyewe ili sakafu ibaki bila alama ya mtu. Chakula hakikutupwa, mungu akishapata sehemu yake isiyoonekana, kilichobaki kiligawiwa makuhani na watumishi. Mfumo huo ulikuwapo Sumeri vilevile, na una umri mkubwa sana. Huko Eridu wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mahekalu yaliyojengwa moja juu ya jingine kwa tabaka zipatazo 18, la chini kabisa likiwa chumba kidogo cha matofali mabichi, na ndani ya baadhi ya tabaka hizo kulikuwa na mifupa mingi ya samaki waliotolewa sadaka. Mungu wa maji alilishwa samaki, na aliendelea kulishwa hapo hapo vizazi kwa vizazi.

Hapa inafaa kuondoa kosa moja ambalo wanafunzi hulifanya mara kwa mara. Zigurati ya Ur, iliyoanzwa na mfalme Ur-Nammu karibu mwaka 2100 KK, na piramidi ya Khufu huko Giza, iliyotangulia kwa miaka 400 na zaidi, huwekwa ukurasa mmoja kana kwamba ni majengo ya aina moja. Piramidi ni kaburi. Zigurati ni jukwaa la ngazi lililobeba hekalu juu yake, limejaa matofali ndani, wala halikuzikwa mtu humo. Ukimwambia mwanafunzi kwamba Wamisri walitumia nguvu zao kubwa kabisa kumjengea mfalme aliyekufa, na Wasumeri walitumia zao kumjengea mungu aliye hai, utakuwa umemweleza tofauti nusu.

Sasa mito. Ni kweli kwamba Frati na Hidekeli (Tigri), mito ya Sumeri, hujaa katika majira ya kuchipua, theluji ya milima ya kaskazini inapoyeyuka, yaani wakati shayiri iko shambani inakaribia kuvunwa, kwa hiyo maji yakizidi huharibu mavuno. Nile ilipanda kuanzia Julai hadi Oktoba, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, ikaacha tope jeusi lenye rutuba kisha ikashuka kabla ya kupanda mbegu. (Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Viktoria hupenda kujisifu kwamba Nile ni yetu, lakini mafuriko yale yaliyoilisha Misri yalitoka hasa kwenye mvua za nyanda za juu za Ethiopia, maji ya ziwa letu yaliufanya mto usikauke miezi mingine.) Ni rahisi kuona jinsi mkulima wa Misri alivyoweza kuamini kwamba ulimwengu una utaratibu. Utaratibu huo waliuita Maat: ukweli, haki na mambo kukaa mahali pake, kwa neno moja.

Lakini Nile haikuwa na adabu kila mwaka. Ilipopungua, watu walikufa. Ankhtifi, mtawala wa wilaya za kusini mwa Misri baada ya Ufalme wa Kale, enzi ya piramidi kubwa, kuvunjika, aliandika katika kaburi lake huko Mo'alla kwamba nchi nzima ya kusini ilikuwa inakufa kwa njaa hata watu wakawala watoto wao. Huenda alitia chumvi ili asifiwe kwa kugawa nafaka, lakini hakuna anayejisifu kuokoa watu na janga ambalo wasikilizaji wake hawalijui. Kwa upande wa pili, dini ya Wasumeri haikuwa hofu tupu. Walimwimbia Inanna nyimbo za mapenzi ambazo mwalimu hawezi kuzisoma zote darasani, na walimtungia Ninkasi, mungu wa kike wa bia, wimbo unaoeleza hatua kwa hatua namna ya kupika bia. Watu wanaotetemeka mchana kutwa hawaandiki hivyo.

Tofauti yenyewe naiona mahali pengine, katika swali la binadamu ni wa nini.

Wasumeri walilijibu swali hilo bila kuzunguka. Katika utenzi wa Enki na Ninmah, miungu midogo ndiyo iliyokuwa ikichimba mifereji na kubeba udongo, ikalalamika kwa uchovu, na Enki akashauri kiumbwe kiumbe cha udongo kibebe kazi hiyo badala yao. Masimulizi ya Atrahasis, yaliyoandikwa baadaye kwa Kiakadi, lugha iliyochukua nafasi ya Kisumeri, yanakwenda mbele zaidi: miungu wafanyakazi wanachoma majembe na makapu yao na kuuzingira mlango wa Enlil usiku, na watu wanafinyangwa kwa udongo uliochanganywa na nyama na damu ya mungu aliyechinjwa. Mtu ni kibarua basi, aliyeajiriwa ili miungu ipumzike. Ndiyo sababu mifupa ile ya samaki ya Eridu si jambo dogo, kwani kumlisha mungu ndiyo kazi iliyoandikwa katika mkataba wa kuumbwa kwa mtu.

Misri haina simulizi moja la uumbaji; ina kadhaa, na Wamisri hawakuona haja ya kuzipatanisha. Atum alitokea juu ya kilima ndani ya maji ya mwanzo. Ptah aliumba kwa moyo na ulimi, yaani kwa kuwaza na kutamka. Khnum alimfinyanga kila mtu kwenye gurudumu lake la mfinyanzi. Kuhusu asili ya watu, walipenda mchezo wa maneno: katika lugha yao neno la "watu" linafanana kwa sauti na neno la "machozi", kwa hiyo walisema watu walitoka katika machozi ya mungu jua. Katika mafundisho aliyoandikiwa mfalme Merikare, watu wanaitwa ng'ombe wa mungu, waliotunzwa vyema, na inaelezwa kwamba mbingu na nchi viliumbwa kwa ajili yao, na pumzi iliumbwa ili pua zao ziishi. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: Sumeri mtu yupo kwa ajili ya miungu, na katika maandishi hayo ya Misri ulimwengu upo kwa ajili ya mtu.

Nchi zote mbili pia zina kisa cha miungu kutaka kuwafuta watu wote, na kuvilinganisha visa hivyo kunafundisha kuliko orodha ndefu ya majina ya miungu. Katika Atrahasis, Enlil anakosa usingizi kwa sababu watu wamezidi na kelele zao zimezidi. Anatuma maradhi, kisha ukame, hatimaye gharika. Hakuna dhambi inayotajwa, ni kelele tu. Anayeokoa ni Enki, tena kwa hila: ameapishwa asimwambie mtu siri, kwa hiyo anauambia ukuta wa matete, na mtu aliye upande wa pili anasikia. Katika kisa cha Misri, watu wamekula njama dhidi ya Ra, mungu jua aliyezeeka, kwa hiyo wana hatia. Ra anamtuma Hathor, mungu wa kike, awaue, lakini baada ya siku moja ya mauaji anabadili nia, anaagiza bia itiwe rangi nyekundu, na mitungi 7,000 ya bia hiyo inamwagwa mashambani usiku. Mungu yule anadhani ni damu, anakunywa, analewa, anasahau kazi aliyotumwa. Sumeri hukumu haina sababu ya haki na wokovu unatokana na ugomvi kati ya miungu. Misri hukumu ina sababu, na aliyeitoa ndiye anayeifuta.

Tuje kwenye kifo, maana hapa njia zimeachana kabisa.

Neno letu la kuzimu linaifaa ahera ya Wasumeri kuliko ahera ya Wamisri. Ilikuwa nchi ya chini yenye giza, chini ya malkia Ereshkigal, ambako wote walikwenda, mwema na mwovu, mfalme na mtumwa. Inanna mwenyewe aliposhuka huko alipitishwa katika milango saba, na kila mlango alivuliwa pambo au vazi mojawapo, hata akafika mbele ya dada yake akiwa uchi. Kila alipouliza sababu, alijibiwa anyamaze, kwani ndizo taratibu za kuzimu. Kama mungu wa kike mwenye nguvu kuliko wote alivuliwa vyote, mtu wa kawaida angebaki na nini?

Alibaki na watoto wake. Utenzi wa Gilgamesh na Enkidu unaohusu kuzimu una sehemu ambayo huwa nawasomea wanafunzi wangu polepole. Gilgamesh, mfalme wa Uruk, anamuuliza rafiki yake Enkidu aliyeshuka huko: umemwona mwenye mtoto mmoja wa kiume? Nimemwona, analia kwa uchungu mbele ya kigingi kilichopigiliwa ukutani mwake. Na mwenye wawili? Ameketi juu ya matofali mawili, anakula mkate. Mwenye watatu anakunywa maji ya kiriba. Mwenye wanne anafurahi kama mtu mwenye punda wanne. Idadi inapanda hivyo hadi mwenye wana saba, ambaye ameketi pamoja na miungu midogo. Katika hesabu hii haulizwi mtu huyo aliishije. Swali ni nani aliyebaki duniani wa kummwagia maji na kumtolea chakula. Hesabu hii msomaji wa Afrika Mashariki anaielewa bila kufafanuliwa, kwani watu wetu wengi wametambikia wahenga wao kwa sababu hiyo hiyo, na mzimu uliosahauliwa hurudi kuwasumbua walio hai. Mwishoni Gilgamesh anauliza juu ya mtu aliyeungua moto, na jibu ni kwamba kivuli chake hakipo kule. Moshi wake umepanda angani.

Hii haina maana kwamba miungu ya Sumeri haikujali haki. Wimbo wa Nanshe, mungu wa kike wa nchi ya Lagash, unasema anamjua yatima na mjane na kwamba anawakagua watu mwaka mpya unapoingia. Lakini malipo yalikuwa ya hapa hapa duniani: afya, ugonjwa, mavuno, kupendwa au kuchukiwa na mkuu wa kazi.

Misri mtu alifika ahera akiwa na kesi ya kujibu. Papiri ya Ani, kitabu cha maziko cha mwandishi aliyeitwa Ani, iliyoandikwa karibu mwaka 1250 KK na sasa iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, inaonyesha kesi hiyo waziwazi. Mizani imesimama katikati; upande mmoja umewekwa moyo wa Ani, upande wa pili unyoya wa Maat. Mungu Anubis anaikagua mizani, mungu Thoth ameshika kalamu ya kuandika hukumu, na nyuma yake amekaa Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko, akisubiri moyo mzito aumeze. Marehemu alipaswa kukana makosa mbele ya mahakimu 42, na makosa hayo si ya kiibada peke yake: sikuua, sikuchezea mizani, sikuzuia maji katika majira yake. Hayo ni malalamiko ya soko na shamba yaliyohamishiwa mbele ya miungu.

Hata hivyo nisimpambe Mmisri kupita kiasi. Katika papiri hiyo hiyo ya Ani zipo sehemu ambazo nafasi ya jina iliachwa wazi, na jina likajazwa baadaye na mkono mwingine, yaani kitabu kilikuwa cha kununuliwa kikiwa tayari, kama fomu. Na juu ya kifua cha maiti iliwekwa hirizi ya jiwe yenye umbo la dundu, iliyochongwa maneno ya kuusihi moyo usisimame shahidi dhidi ya mwenyewe mahakamani. Anayehitaji kuuziba mdomo moyo wake hana hakika sana na maisha aliyoyaishi.

Mwili nao ulitunzwa kwa sababu roho, waliyoichora kama ndege mwenye kichwa cha mtu, ilihitaji mahali pa kurudi. Maiti ilikaushwa kwa magadi, na kazi yote ya maziko, kuanzia kukausha hadi kufunga vitambaa, ilichukua siku 70. Moyo uliachwa ndani kwa ajili ya mizani. Neno mumiani, ambalo kwetu lilikuja kutisha watoto, lina asili moja na neno ambalo Wazungu huziita maiti hizo. Yote mawili yanatokana na jina la Kiajemi na Kiarabu la lami, kwa kuwa utomvu mweusi uliopakwa juu yake ulidhaniwa kuwa lami. Lami yenyewe ilikuwa Sumeri, ikishikanisha matofali ya zigurati.

Kipo kitu kimoja kidogo ambacho, kwa maoni yangu, kinaeleza uhusiano wa dini hizi mbili kuliko hekalu lolote. Ni kile kisanamu cha Misri kiitwacho shabti, kilichozikwa pamoja na marehemu. Ahera ya Wamisri ilikuwa Shamba la Matete, lenye mifereji na ngano ndefu, na shamba lina kazi. Kisanamu kiliandikwa maneno ya kukiagiza kwamba marehemu akiitwa kulima, kumwagilia au kubeba mchanga, chenyewe kiitike: "Nipo hapa." Farao Tutankhamun alizikwa na visanamu 413: wafanyakazi 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, wanyapara 36 na wasimamizi 12 wa miezi. Wasumeri walisema miungu ilichoka kuchimba mifereji ikaumba watu wa udongo waichimbe. Wamisri nao wakatengeneza watu wadogo wa udongo na mbao wachimbe mifereji ya ahera kwa niaba yao. Wote walikuwa wakulima wa umwagiliaji, waliitwa kazi za lazima na wakuu wao, na wote waliwaza juu ya nani atabeba jembe. Ila Msumeri alijiona yeye ndiye kisanamu, na Mmisri alijiona ndiye mwenye kisanamu.

Juu ya wafalme nitasema machache. Farao alikuwa mungu Horus katika kiti cha enzi na mwana wa Ra, na hilo lilikuwa sehemu ya cheo chenyewe. Mfalme wa Sumeri kwa kawaida alikuwa msimamizi wa mali ya mungu. Wachache, kama Shulgi wa Ur, walijiita miungu, na desturi hiyo haikudumu. Ur ulipoanguka karibu mwaka 2004 KK, washairi walimweka Enlil akimwambia Nanna kwamba mji wake ulipewa ufalme lakini haukupewa ufalme wa milele.

Kabla hujarudi darasani, zingatia mahali tulikopata habari hizi. Sehemu kubwa ya tunachojua juu ya imani ya Wamisri ilihifadhiwa makaburini, ukingoni mwa jangwa kavu. Tenzi nyingi za Kisumeri zimetufikia katika vibao vya udongo vilivyonakiliwa na wanafunzi wa uandishi, huko Nippur na kwingineko, karne ya 18 KK, wakati Kisumeri hakizungumzwi tena nyumbani. Tunalinganisha makaburi na madaftari ya shule. Hakuna ajabu kwamba Misri inaonekana kuwaza ahera tu. Nayo makaburi ya Ur yanatuonya: katika shimo moja lililofukuliwa na mwanaakiolojia Leonard Woolley walilala watu 74, wengi wao wanawake waliovaa mapambo ya dhahabu na mawe ya buluu, waliouawa ili wamfuate mkuu wao. Hakuna utenzi unaotueleza walitarajia kukuta nini. Misri ya nasaba ya kwanza nayo ilizika watumishi kando ya wafalme wake huko Abydos, zaidi ya makaburi 300 kwa mfalme Djer peke yake. Karibu na mwanzo wa historia zao, basi, nchi hizi mbili zilifanana hata katika hili baya.

Je, ziliazimana? Picha ziliazimana. Kisu cha Gebel el-Arak, kilichoko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kilitengenezwa Misri kabla ya farao wa kwanza, na kwenye mpini wake wa pembe amechongwa mwanamume mwenye ndevu na kilemba cha mtindo wa Uruk, akishika simba wawili. Biashara ilikuwapo. Sioni dalili kwamba fundisho lilisafiri pamoja na picha.

Mwanafunzi wako akisisitiza kwamba ni dini moja, mwulize juu ya Dumuzi na Osiris, kwani wote wawili ni miungu waliokufa na wakaliliwa na wanawake. Dumuzi, mume wa Inanna, alikamatwa awe badala ya mkewe kuzimu, na dada yake Geshtinanna akakubali kugawana naye mwaka, nusu kwa nusu. Kilio chake kilidumu hata Ezekieli 8:14 inawataja wanawake wakimlilia Tamuzi mlangoni pa hekalu la Yerusalemu, na mpaka leo nchini Iraki mwezi wa Julai unaitwa Tamuzi. Yeye huenda na kurudi, na kila mwaka analiliwa upya. Osiris aliuawa na ndugu yake Seth, Isis akaukusanya mwili wake na kumzalia Horus, lakini Osiris mwenyewe hakurudi duniani. Alibaki huko alikokwenda, akawa mfalme na hakimu wa wafu, na kila Mmisri aliyezikwa kwa taratibu zake aliandikwa Osiris mbele ya jina lake.